Tofauti za Saa: Tuanze na Saa Aliyo Nayo Mwanafunzi

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo huzikwepa wanapojua kwamba mkufunzi atakuja kuwakagua, mada ya longitudo na saa imo mstari wa mbele. Tumeliona jambo hili mwaka hata mwaka katika shule za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta. Mwanachuo ambaye angefundisha kwa furaha sura za nchi, mito au hali ya hewa, huomba abadilishiwe zamu akiambiwa afundishe jinsi ya kujua saa ya London au ya Tokyo wakati Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi. Akikosa pa kukimbilia, hufundisha kanuni: digrii 15 ni saa moja, digrii moja ni dakika nne, ukienda mashariki ongeza, ukienda magharibi punguza. Wanafunzi huiimba, huiandika, huisahau.

Aghalabu lawama huangukia hesabu. Husemwa kwamba watoto hawajui kuzidisha wala kutoa. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo. Mtoto wa Temeke anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili anajua kutoa. Kasoro imo katika jinsi tunavyoianza mada yenyewe: tunampokonya mwanafunzi saa anayoijua kabla hatujampa nyingine, kisha tunamtaka atembee nayo hadi ng'ambo ya bahari.

Tutoe mfano mmoja wa darasani. Mwalimu aliuliza: ikiwa Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi, na sisi tuko mbele ya London kwa saa tatu, London ni saa ngapi? Msichana mmoja alisimama akajibu, "Saa sifuri, mwalimu." Darasa lilicheka. Mwalimu alimwambia akae, akaandika ubaoni kwamba jibu ni saa sita. Hakueleza sita hiyo imetoka wapi. Alikuwa ameichukua saa tatu yetu, akaigeuza kimoyomoyo kuwa tisa ya Kiingereza, akatoa tatu, akapata sita ya Kiingereza, kisha akaitamka sita hiyo kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyemsikiliza kwa makini alikuwa na haki ya kufahamu kwamba London ni adhuhuri au usiku wa manane, maana saa sita ya Kiswahili ni hizo mbili tu.

Sasa tutazame jibu la msichana aliyechekwa. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu mchana tangu mapambazuko. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kuanza kwa mchana, saa tatu ni tatu. Tukirudi nyuma saa tatu kutoka saa tatu tunafika pale hesabu inapoanzia, ambapo sisi kwa desturi hupaita saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ndipo saa kumi na mbili za usiku zilipokamilika. Sifuri ya mchana na kumi na mbili ya usiku ni mahali pamoja. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikuvaa jina lililozoeleka. Lau mwalimu angaliuliza, "Saa sifuri maana yake nini?" somo zima lingalifunguka kutoka kinywani mwa mwanafunzi. (Kwamba London mwishoni mwa Desemba jua halichomozi hata saa yao inapofika saa mbili asubuhi, hilo ni somo la baadaye, nalo ni tamu.)

Kinachochanganywa hapa ni mambo mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni kubadili jina la kitambo kile kile mahali pale pale: saa tatu asubuhi ya Kiswahili na tisa ya Kiingereza ni kitambo kimoja chenye majina mawili, kwa kuwa mmoja ameanza kuhesabu alfajiri na mwingine usiku wa manane. La pili ni kubadili mahali: jua lililokwisha panda hapa bado halijachomoza kwingine. Tofauti ya majina ni sita daima, mwaka mzima, hapa na popote. Tofauti ya mahali hutegemea mahali. Mwalimu asiyeyatenga haya mawili humfanya mtoto aamini kwamba "saa za Kizungu" ni saa za nchi fulani iliyo umbali wa saa sita kutoka kwetu.

Na kwa bahati, nchi kama hiyo ipo! Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili. Kwetu inapokuwa saa tatu asubuhi, akrabu fupi ya saa ya ukutani mjini Tokyo inaelekea tatu vile vile, kwa kuwa huko ni alasiri ambayo Waingereza wangeiita saa tatu na sisi tungeiita saa tisa. Tunawashauri wakufunzi wautumie mfano huu kuwapima wanachuo kabla ya kuwapeleka mashuleni. Anayeweza kueleza kwa nini tarakimu zimelingana ilhali vitambo vya siku vimetofautiana, huyo ameielewa mada. Anayesema kwamba Tokyo ni saa tatu "kama sisi" hajaielewa.

Basi tunapendekeza nini? Hesabu yote ya tofauti za mahali ifanywe kwa saa ya Kiswahili, na jina libadilishwe mara moja tu, mwishoni, kama kuna haja. Tofauti ya mahali haijali majina. Ikiwa Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano, basi iko mbele kwa tano kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kichina. Wako wazazi wengi Temeke na Kinondoni wanaoagiza bidhaa huko ili waziuze Kariakoo. Tuseme ofisi ya muuzaji wa huko hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kumi na mbili toa tano ni saba. Mzazi anayengoja amalize chakula cha mchana, apige simu saa nane, atakuta mlango umefungwa. Hesabu hii ina mstari mmoja. Kwa njia ya kanuni za vitabuni ingekuwa na mistari minne, na katika miwili kati ya hiyo mtoto angepotea.

Ushahidi mwingine uko katika vibanda vya kutazamia mpira. Vijana ambao hawawezi kujibu swali la longitudo wanajua bila kuandika popote kwamba mchezo wa Uingereza unaoanza kwao saa tisa alasiri siku ya Jumamosi, hapa huonekana saa kumi na moja jioni mwezi Septemba, na saa kumi na mbili jioni mwezi Desemba. Wakiulizwa kwa nini, hujibu kwamba "wamebadilisha saa." Ndivyo ilivyo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ili mwanga wa jioni ndefu za kiangazi utumike. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna haja hiyo, maana tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa Dar es Salaam haifiki saa nzima. Kwa hiyo London iko nyuma yetu kwa saa tatu katika baridi yao na mbili katika kiangazi chao. Marekani nao husogeza saa, lakini huanza mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwenye ndugu New York ajue kwamba tofauti ya saa nane huwa saba kuanzia siku hiyo, ilhali ya London ingali tatu kwa wiki mbili au zaidi. Oman, waliko ndugu wa watu wengi wa pwani hii, haisogezi saa zake. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima.

Twaona basi kwamba mwanafunzi huja darasani na mali nyingi. Mwalimu anayefungua kitabu na kuanza na digrii 15 anaipita mali hiyo bila kuisalimu.

Hatusemi kwamba digrii zisifundishwe. Zifundishwe, ila kwa ukweli wote. Dar es Salaam iko kwenye longitudo ya digrii 39 na kitu mashariki. Mtoto mwerevu akizidisha kwa dakika nne hupata kwamba tuko mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 37 hivi, kisha hutazama simu ya mwalimu na kuona saa tatu kamili. Aulizapo, huambiwa "tunakadiria." Hili si jibu. Ukweli ni kwamba saa yetu si ya jua la Dar es Salaam. Ni ya jua la longitudo ya digrii 45, mstari ambao haupiti Tanzania hata kidogo, bali hupita Somalia, na Afrika Mashariki imekubaliana kuutumia ili Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziwe na saa moja. Ni mapatano ya watu, wala si amri ya maumbile. Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulioichagua Greenwich kuwa chanzo ulihudhuriwa na nchi 25, na kutoka bara letu Afrika kusini ya Sahara ilikuwako Liberia pekee. Hata hapa petu saa haikusimama mahali pamoja: kwa miaka kadhaa kabla ya Uhuru, saa ya Tanganyika ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Mwanafunzi akijua kwamba saa ni mapatano, hatashangaa akisikia kwamba India iko mbele ya Greenwich kwa saa tano na nusu, wala kwamba China yote, pamoja na upana wake, hutumia saa moja.

Njia ya kuyafundisha haya haigharimu kitu. Asimikwe mti ulionyooka katika uwanja wa shule, na wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli chake kila baada ya dakika chache, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba. Watatarajia kivuli kiwe kifupi kabisa saa sita kamili, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Hakitakuwa hivyo. Mwezi Juni kivuli cha Dar es Salaam hufikia ufupi wake kiasi cha saa sita na dakika 23, na Februari hukaribia saa sita na dakika 37, ilhali mwanzoni mwa Novemba ni dakika chache tu baada ya saa sita. Zile dakika 23 ndizo umbali wetu kutoka mstari wa digrii 45, zimeandikwa ardhini kwa kivuli. Kusogea huku na huko kwa nyakati za mwaka kunatokana na jinsi dunia inavyolizunguka jua, na mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kulitaja na kupita. Zoezi lifanywe Juni au Julai. Mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba jua hutupitia utosini, na kivuli cha kupima hakuna.

Kisha aulizwe: je, Kigoma kivuli hicho kitakuwa kifupi wakati gani? Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna karibu digrii tisa na nusu na ushei, yaani dakika 39 hivi. Kila Ramadhani jambo hili hujulikana kwa vitendo. Adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar es Salaam, mfungaji wa Kigoma haigusi tende, kwa kuwa jua la kwake bado liko juu ya Ziwa Tanganyika. Saa ya mkononi ni ile ile, mapatano ni yale yale, lakini jua si lile lile. Hatujui mfano mwingine unaoeleza kwa uzuri namna hii tofauti kati ya saa ya jua na saa ya serikali, nao haumo katika vitabu vingi vinavyotumika madarasani.

Mfano wa mpaka tunao mlangoni. Kituo kikuu cha TAZARA kiko kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na wanafunzi wetu wengi hupita mbele yake kila siku. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyokabidhiwa mwaka 1976, huvuka mpaka wa saa kati ya Tunduma na Nakonde, kwa kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kama zilivyo Malawi, Msumbiji, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo. Tuseme treni imeondoka Tunduma saa nne asubuhi, ikasafiri saa sita hadi Kasama. Itafika saa tisa alasiri kwa saa ya huko, nayo katika karatasi itaonekana imetumia saa tano. Wakati wa kurudi, safari ile ile itasomeka kuwa ya saa saba. Mpeni mwanafunzi karatasi mbili za namna hiyo, mwacheni agombane nazo mwenyewe kabla hamjamweleza lolote.

Kuna mahali pamoja ambapo saa ya Kiswahili yenyewe haitusaidii, na hapo mwalimu awe mwangalifu sana. Nalo ni suala la tarehe. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Jumatatu ni ule unaofuata mchana wa Jumapili. Kwa hesabu ya serikali tarehe hugeuka saa sita usiku, katikati ya usiku mmoja. Vijana wa leo nao husema "Jumatatu usiku" wakikusudia usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, bila kujali kama saa sita imepita. Hesabu tatu katika mji mmoja! Ndiyo sababu magazeti huandika "usiku wa kuamkia Jumatatu", na usemi huo ungefaa uwe wa lazima darasani. Hasara yake si ndogo. Tiketi ya ndege iliyoandikwa 02:10 ya tarehe 15 ina maana ya saa nane na dakika kumi, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Msafiri anayeuona usiku wote kuwa mali ya siku iliyotangulia hufika uwanjani na mizigo yake usiku wa tarehe 15, ndege ikiwa imekwisha kuondoka yapata siku nzima, na fedha za ukoo mzima zimepotea. Hali kadhalika kijana anayeitwa kusailiwa kwa njia ya mtandao na chuo cha Los Angeles. Wakati wa baridi mji huo uko nyuma yetu kwa saa kumi na moja, na saa tatu asubuhi yetu ya Jumatatu kwao ni saa nne usiku wa Jumapili. Akiandikiwa kwamba mkutano ni Jumapili saa nne usiku wa huko, naye asijue kuvuka, atangoja siku isiyo yake.

Wako walimu wenzetu wanaosema kwamba dawa ya yote haya ni kuiacha saa ya Kiswahili. Husema simu na kompyuta zinaonyesha saa za kimataifa, na kwamba ratiba ya mtihani wa elimu ya msingi huandika 2:00 asubuhi, ilhali ya kidato cha nne huandika 8:00. Hoja yao ina uzito, na matatizo wanayoyataja ni ya kweli. Tumeyasikia masikioni mwetu: katika baadhi ya shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, watoto husema "saa nane asubuhi" wakikusudia saa mbili. Mtoto huyo akimwambia bibi yake kwamba basi la shule litakuja saa nane asubuhi, bibi atastaajabu. Lakini kuiacha saa ya Kiswahili ni kumwachia mwalimu kazi ngumu zaidi, kwa kuwa mtaa hautaiacha. Daladala, msikiti, kanisa, harusi na msiba vitaendelea kuitumia. Waganda na Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo, wala hawajapotea. Mwalikaji akiandika "saa 3:00, saa za Afrika Mashariki" bila kusema asubuhi wala alasiri, hakuna ajuaye kama ni tatu ya Kiswahili au tisa alasiri iliyoandikwa Kiingereza, na aliyeijua saa moja tu kati ya hizo mbili ndiye atakayechelewa.

Lile tunaloliona kuwa zito zaidi ni dai la muda. Mada hii imetengewa vipindi vichache, na mwalimu wa Mbagala mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hana nafasi ya kuwatoa nje wakatazame kijiti. Hapa tungependa kusikia kutoka kwa wasomaji wa jarida hili walioko mashuleni. Kwa upande wetu tumewashauri wanachuo waitumie hali hiyo hiyo ya msongamano. Katika shule za msingi zenye zamu mbili, wa asubuhi huondoka na wa mchana huingia karibu na saa sita, yaani karibu kabisa na kitambo tunachokitafuta. Wa asubuhi waweke alama za kivuli kinachofupika, wakabidhi mti na chaki kwa wa mchana, nao waendelee na alama za kivuli kinachorefuka. Kesho yake kila zamu itahitaji alama za zamu nyingine ili ijue adhuhuri ya Mbagala ilikuwa saa ngapi.